Joto Kwanza, Maziwa Baadaye: Kulea Watoto wa Paka Waliotupwa Naviundu

Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi huwa na usiku ambao mgeni kutoka pwani hawezi kuuamini. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya kiangazi joto hushuka hata chini ya nyuzi 10. Kule Naviundu, Komini Annexe, ambako nyumba bado zinachanganyika na mashamba ya mahindi, vichuguu na tanuru za matofali, upepo wa baridi hiyo haupati cha kuuzuia. Mtoto wa paka aliyezaliwa jana ana gramu 100 hivi. Akiachwa kando ya njia usiku wa namna hiyo, ndani ya mfuko wa plastiki, njaa haipati nafasi ya kumuua. Baridi huwahi.

Jambo hili moja likieleweka, nusu ya kazi ya kulea vichanga wa paka imeeleweka. Bahati mbaya, watu wenye huruma ndio hasa huligeuza. Mtu anamwokota mtoto wa paka, anamwona anafungua mdomo bila sauti, moyo unamuuma, anakimbilia jikoni kuchemsha maziwa. Dakika kumi baadaye mtoto ameshiba. Kesho asubuhi amekufa, na aliyemwokota anabaki akisema labda alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa baridi. Kichanga wa paka hana uwezo wa kujitengenezea joto la kutosha, na tumbo lake haliendi likipoa: mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, utumbo hulegea na kusimama, maziwa yanabaki pale pale yakichacha.

Kwa nini wanatupwa? Sababu si fumbo. Paka jike hubeba mimba miezi miwili na siku chache tu, huzaa watoto wanne hivi kwa kawaida, na anaweza kushika mimba nyingine kabla hajaachisha wa kwanza. Msichana wa paka mwenye miezi minne au mitano tayari anaweza kuwa mama. Huko Ulaya majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi, hupunguza uzazi wao. Kwetu, mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo hakuna likizo. Mwenye nyumba aliyemchukua paka mmoja kwa ajili ya panya wanaotoboa magunia ya mahindi anajikuta mwaka haujaisha ana paka tisa, na bukari (ugali) ya watoto wake mwenyewe ni ya kuhesabu. Mfuko unafungwa, unapelekwa penye takataka au kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa. Siwatetei wanaofanya hivyo, lakini wengi wao si watu katili. Ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa kuna njia nyingine.

Lakini si kila mtoto wa paka aliye peke yake ametupwa, na hapa wema huleta hasara ya pili. Paka mama huhamisha watoto wake mmoja mmoja, kwa mdomo, akiona pale alipozalia pamevamiwa na mbwa, watoto watukutu au siafu. Ukimkuta mmoja chini ya bati, huenda wenzake wawili wameshafika kwenye kichuguu cha jirani na mama yuko njiani kumrudia. Ukimchukua hapo, hujamwokoa, umemnyang'anya mama yake. Kama hayumo kwenye mfuko au boksi lililofungwa, kama hajapoa na halii mfululizo, jitenge. Usikae umbali wa hatua tatu ukitazama, maana paka hatakuja. Nenda ndani, rudi baada ya saa moja, kisha nyingine. Mtoto mwenye mama huwa ana tumbo la mviringo na amelala kimya. Aliyeachwa ni mchafu, tumbo limebonyea, ngozi ukiivuta hairudi haraka.

Kuna hila ya zamani ya walezi wa paka: nyunyiza unga kidogo kuwazunguka watoto, uondoke. Ukirudi ukakuta alama za nyayo, mama yupo. Unga wa mahindi unafaa kabisa, na ni kijiko kimoja tu. Ila, msomaji wa Naviundu, ukifanya hivyo usiku, mjulishe jirani kwanza. Mtu mzima anayechora duara jeupe gizani kuzunguka paka, hapa Katanga, ana maelezo mengi ya kutoa asubuhi.

Sasa tuseme umesubiri na mama hakuja. Unaye mkononi, amelegea kama kipande cha kitambaa, miguu ya nyuma haijisogezi. Weka maziwa mbali. Fungua vifungo vyako, mweke kwenye ngozi ya kifua chako, mfunike na kitenge, na ukae hivyo hivyo. Wauguzi wa hospitali zetu wanaifahamu njia hii kwa watoto wa binadamu waliozaliwa kabla ya wakati. Inaitwa njia ya kangaruu, na ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitalini ambako mashine za kutunza watoto njiti zilikuwa hazitoshi. Kwa mtoto wa paka inafanya kazi vizuri vile vile. Apashwe polepole, kwa saa moja au zaidi, si kwa kumweka karibu na moto. Kidole chako kidogo ukikiingiza mdomoni mwake ukasikia vuguvugu na ulimi ukaanza kukikamata, hapo ndipo mlo unapoanza kuzungumzwa.

Baada ya hapo anahitaji makazi yenye joto la nyuzi 29 hadi 32 kwa wiki ya kwanza, likipungua kidogo kila wiki. Boksi la katoni lenye kuta ndefu, nguo kuukuu ya pamba chini, na chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya moto, imefungwa ndani ya soksi nene. Chupa iwekwe upande mmoja wa boksi, si katikati, ili mtoto akisikia joto limezidi aweze kujiburuta akaenda pembeni. Umeme wa SNEL usiwekewe matumaini. Taa ya balbu ni nzuri hadi inapozimika saa nane usiku. Chupa hupoa baada ya saa mbili tatu, na huo ndio muda wa kunyonyesha, kwa hiyo kazi mbili zinafanywa kwa kuamka mara moja. Chupa iliyopoa iondolewe, kwani sasa inamnyonya mtoto joto lake.

Neno moja kuhusu mbabula. Najua wengi mtalifikiria, kwa sababu ndilo joto lililopo kila nyumba. Usilaze jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa, si kwa ajili ya paka wala kwa ajili yako. Makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi katika nchi zetu zinazotumia makaa kuna familia zinazolala zisiamke. Chemsha maji nje, ingiza chupa ndani.

Tukija kwenye maziwa, tuanze na asichoweza kukipata tena. Maziwa ya kwanza ya mama, dang'a, humpa mtoto kinga ya magonjwa, na utumbo wake unaweza kuipokea kinga hiyo kwa saa kama 16 za mwanzo tu. Mtoto aliyetupwa kabla ya kunyonya hata mara moja anaanza maisha bila ngao. Ndiyo maana usafi wa mikono na vyombo si mapambo: kila kitu kichemshwe, maji yawe yamechemka. Maji ya mto Naviundu yasiguswe kwa kazi hii. Watafiti wa maji wameupima mto huo pamoja na mito mingine ya Lubumbashi na kukuta metali zitokanazo na viwanda vya madini, na metali haziondoki kwa kuchemsha.

Maziwa ya ng'ombe matupu hayamfai. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya maradufu ya yale ya ng'ombe, na mtoto anayepewa ya ng'ombe hujaa tumbo huku mwili wake ukiwa na njaa. Mara nyingi huharisha, na kichanga wa gramu 100 anayeharisha hukauka ndani ya siku moja. Pia kuna taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini hupata ugonjwa wa moyo kulegea na kupanuka, na kabla ya hapo ilikuwa imeshajulikana kuwa hupofuka. Kwa hiyo, maziwa maalumu ya unga ya watoto wa paka, yakipatikana kwa daktari wa wanyama au kwa msafiri anayetoka Zambia au Afrika Kusini, ndiyo maziwa. Usipoyapata leo, maziwa ya unga yenye mafuta kamili, yaliyokorogwa mazito kidogo na kuchanganywa na kiini cha yai, yatamvusha siku moja mbili. Yachukuliwe kama daraja, si nyumba ya kuishi. Maziwa ya mkebe yenye sukari na uji wa unga wa mahindi ni hapana.

Njia ya kumpa ndiyo inayoua zaidi ya aina ya maziwa. Sisi tumezoea kumpakata mtoto chali. Mama yeyote akishika kichanga, hata wa mnyama, mkono wake unamgeuza tumbo juu bila kufikiri. Mtoto wa paka akinyweshwa chali, maziwa huingia mapafuni, na nimonia ya maziwa haina simulizi ndefu. Alale kifudifudi, kama anavyolala penye chuchu za mama yake, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Tumia bomba la sindano la duka la dawa, la mililita 1 au 2, bila sindano yake. Tone moja liguse mdomo, asubiriwe anyonye, jingine. Akinyonya vizuri utaona masikio yake madogo yakicheza mbele na nyuma kwa kila funda, na miguu ya mbele ikisukuma hewa, kushoto, kulia, akitafuta titi la kulikanda. Kiputo cha maziwa kikitokea puani, simama papo hapo, mwinamishe kichwa chini, futa, umeharakisha. Tumbo lake halimudu zaidi ya mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa mlo mmoja, kiasi kinachoonekana kama dhihaka, lakini hurudiwa kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili ni kila saa tatu au nne.

Kisha linakuja jambo ambalo watu hucheka wakiambiwa. Kichanga wa paka hawezi kukojoa wala kwenda haja peke yake. Mama yake humlamba chini ya mkia, na ulimi huo ndio ufunguo. Wewe utatumia pamba au kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, umpapase taratibu baada ya kila mlo hadi mkojo utoke. Usipofanya hivyo, tumbo litavimba, utadhani ameshiba sana, kumbe amejaa. Hili linaendelea hadi wiki ya tatu hivi.

Uzito upimwe kila siku kwa saa ile ile. Anapaswa kuongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na akifika wiki mbili awe karibu mara mbili ya alivyozaliwa. Lubumbashi ni mji wa mizani, ila mizani yetu mingi ni ya kupima magunia ya madini. Unachohitaji hapa ni kile kimzani cha betri cha jikoni au cha sonara. Mtoto asiyeongezeka kwa siku moja ni wa kuangaliwa, na anayepungua ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Tiba ya Mifugo, na ingawa mawazo ya wengi yako kwenye kuku, nguruwe na ng'ombe, paka naye yumo kwenye masomo yao. Hodi haina gharama.

Viroboto waondolewe kwa kitana na vidole. Unga wa kuulia wadudu unaouzwa sokoni, na dawa za mbwa zenye permethrini, humuua paka kabla ya kiroboto.

Yote hayo niliyoyaeleza, mikesha, chupa, vipimo, yana mbadala mmoja ulio bora kuliko yote, nao hautajwi vya kutosha: paka mwingine. Jike anayenyonyesha, ambaye watoto wake ni wachache au wamekufa, mara nyingi humpokea mgeni akiletwa akiwa na joto na amepakwa harufu ya kitambaa wanacholalia watoto wake. Anatoa maziwa sahihi, joto sahihi, ulimi, na baadaye mafunzo ya kukamata panya ambayo binadamu hawezi kuyatoa. Kabla hujaamua kukesha wiki tatu, uliza. Mkubwa wa avenue anajua nani anafuga nini. Kikundi cha WhatsApp cha parokia au cha wazazi wa shule kitajibu ndani ya saa moja. Mimi ningetoa nguvu zangu zote kwanza kwenye kumtafuta huyo mama, na bomba la sindano liwe la kusubirishia tu.

Kikwazo ni hofu. Katika mazungumzo ya ulozi hapa Katanga, paka hakosi, na akiwa mweusi amekwisha hukumiwa. Anayeonekana akiwalea paka kwa bidii, hasa mwanamke mzee anayeishi peke yake, anaweza kuhatarisha jina lake, na katika nchi ambayo hata watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, hilo si mzaha. Wenzetu wa pwani wana urithi mwingine. Lamu paka ni wenyeji wa mitaa na soko la samaki, na kila mtoto wa chuo cha Kurani hukua akimsikia Abu Huraira, sahaba wa Mtume ambaye lakabu yake yenyewe inatokana na kitoto cha paka. Sisemi kwamba paka wa Lamu hawatupwi. Nasema kwamba mwanamke wa Lamu anayemlisha paka hatazamwi mara mbili.

Wala si kweli kwamba Lubumbashi haijui kulea yatima wa mnyama. Tangu mwaka 2006 kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa na Franck na Roxane Chantereau, kinapokea sokwe wadogo waliookolewa kutoka kwa wafanyabiashara haramu, na wadogo kati yao hulelewa kwa chupa na kifua cha mlezi. Thamani yao inajulikana hata na wahalifu: Septemba 2022 sokwe watatu wadogo waliibwa hapo na fidia ikadaiwa. Mtoto wa paka hakuna atakayemteka. Lakini mbinu ni zile zile, joto, maziwa kidogo kidogo, mwili wa kuegemea, na watu wanaozijua wako mjini humu humu.

Hata ukifanya kila kitu sawasawa, baadhi watakufa. Hili lisemwe wazi, hasa kama kuna watoto nyumbani wanaokusaidia. Mtoto aliyetupwa bila dang'a, aliyelala nje usiku mmoja wa mwezi wa saba, ana deni ambalo wakati mwingine halilipiki. Watakaofika wiki ya pili watafungua macho, yakiwa na rangi ya buluu ambayo baadaye itabadilika. Wiki ya tatu wataanza kutembea wakiyumba. Wiki ya nne meno yatakuwa yametoka, na hapo utaanza kuwapa samaki waliochemshwa na kusagwa, ndakala (dagaa) zisizo na chumvi, si makayabu ya chumvi. Wakifika miezi mitatu wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye huupata na kuuambukiza. Ukikwaruzwa au kung'atwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya bila kungoja uone kama ataugua.

Wenye majike, mwoneni daktari wa wanyama kuhusu kuwafunga kizazi. Ni operesheni ya mara moja na inamaliza habari ya mifuko kando ya njia. Na kama wako amekwisha kuzaa wiki hii hapo Naviundu na huwataki watoto, usiwatupe. Waache kwa mama yao wiki nane, mlishe yeye vizuri, kisha tangaza kanisani, msikitini au sokoni kwamba kuna paka wa bure wanaojua kukamata panya. Wenye magunia ya mahindi watakuja wenyewe.